Kudokoa na kula kupita kiasi usiku: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ujumbe mwingi kuhusu jambo hili hunifikia kati ya saa nne na saa sita usiku. Anayeandika mara nyingi ametoka jikoni muda huohuo, tumbo limejaa mpaka anahema kwa shida, na maneno yake ya kwanza ni ya kujilaumu. Ninatoa ushauri wa lishe hapa Dar es Salaam, na hali hii nimeipitia mwenyewe kwa miaka. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia zaidi, ili anayehitaji jibu usiku asilazimike kusubiri niamke.

Mchana najizuia vizuri kabisa. Kwa nini ikifika usiku nashindwa?

Jibu limo ndani ya swali lako. Unashindwa usiku kwa sababu mchana ulijizuia.

Tuchukue siku ya mtu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai ya rangi na andazi moja akiwa amesimama, anawahi gari. Saa nne wenzake wanaagiza supu na chapati. Yeye anasema hapana, anapunguza mwili. Mchana anakula tikiti maji vipande viwili, au anapiga pasi ndefu mpaka nyumbani. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni, foleni inamla, anafika kwake saa mbili kasoro. Ana karibu saa kumi na tano yuko macho, na alichokula tangu asubuhi hakimtoshi hata mtoto wa darasa la tatu. Halafu anaingia jikoni kupika. Harufu ya nazi imetanda, watoto wanaita, miguu inauma. Anaonja mboga, anaonja tena, anamega kipande cha chapati kabla hakijapoa. Mpaka anakaa mezani ameshakula sahani nzima bila sahani, na bado anapakua kama wengine.

Usiku unalipa deni la mchana. Ninalisema hili kwa kila anayekuja kwangu, na wengi hawaliamini mpaka walijaribu, kwa sababu wamezoea kudhani tatizo liko saa nne usiku, mbele ya friji. Saa hiyo deni limeshaiva.

Na hata aliyekula vizuri mchana, jioni hamu yake hupanda kidogo. Mwaka 2013 Frank Scheer na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 12 waliokaa maabara siku kadhaa kwenye mwanga hafifu, milo na usingizi vikipangwa upya ili saa ya ndani ya mwili ionekane yenyewe. Njaa ilikuwa ya chini kabisa panapo saa mbili asubuhi, na ya juu kabisa panapo saa mbili usiku. Hamu iliyopanda zaidi ilikuwa ya vitu vitamu, vya wanga na vya chumvi. Ndiyo maana asubuhi unaweza kuruka chai bila shida yoyote ukajiona shujaa, na usiku huohuo mkate mzima ukaisha. Asubuhi mwili ulikuwa haujadai. Usiku unadai cha asubuhi na cha kwake.

Lakini si ulafi tu? Mama yangu alikuwa ananiambia nina uroho.

Neno hilo linauma, hasa likitoka kwa mzazi, na najua lilivyokaa ndani ya watu. Nimeona mama wa miaka hamsini akitokwa na machozi akilikumbuka.

Ngoja nikueleze kuhusu vijana 36 wa Marekani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu waliokuwa wanakufa njaa Ulaya wakati wa vita. Walikuwa wamejitolea, wenye afya, waliochaguliwa kwa uangalifu. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula wapendavyo, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Hakuna aliyewafundisha ulafi. Mwili ulionyimwa ulikuwa unajirudishia chake.

Unayejinyima kuanzia Jumatatu asubuhi unapita njia hiyohiyo, kwa kiwango kidogo, kila siku. Ukiacha kujiita mlafi utapata nafasi ya kujiuliza swali lenye faida: leo nilikula nini, saa ngapi?

Nitajuaje kama hii ni njaa ya kweli au ni roho tu inataka?

Jiulize: kungekuwa na ugali wa jana na mchicha tu, ningekula? Kama ndiyo, ni njaa, na dawa ya njaa ni chakula. Pakua, keti, kula. Kama ugali huutaki ila unataka chipsi, biskuti au ile keki iliyobaki kwenye sherehe, basi ni hamu, na hamu ina namna yake ya kushughulikiwa, nimeieleza mbele.

Njaa huja taratibu na inakubali chochote. Hamu huja ghafla na inachagua. Kosa ninaloliona sana ni mtu mwenye njaa ya kweli kujilazimisha kunywa maji na kulala. Anaamka saa nane usiku, na hapo hachagui tena.

Sasa mchana nile nini ili usiku nitulie?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Asubuhi, kitu zaidi ya chai na andazi. Andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta; saa tatu limeshaisha tumboni. Yai la kuchemsha na kiazi kitamu, au uji wa ulezi wenye maziwa, au kiporo cha maharage na kipande cha chapati, vinakupeleka mbali. Asiyesikia njaa asubuhi mara nyingi ni yule aliyekula sana jana usiku. Aanze na kidogo, na baada ya siku nne au tano asubuhi itaanza kudai yenyewe.

Mchana, kwa mama lishe, huhitaji chakula cha pekee. Mwambie: "Mama, niwekee wali kiasi, maharage uongeze, na mboga za majani." Maharage yana protini na nyuzinyuzi, na ndivyo vinavyoshikilia tumbo kwa muda mrefu. Vivyo hivyo dagaa, samaki, kunde, choroko na dengu. Kama kuna ugali wa dona chukua huo, kwa sababu mahindi yake hayakukobolewa, pumba na kiini vimo. Sembe si sumu, lakini peke yake na mchuzi mwepesi haikai.

Kisha jambo ambalo kama utachukua moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili: kula kitu saa kumi jioni. Kabla ya kupanda gari. Kabla ya kugusa sufuria. Karanga za kukaanga kiganja kimoja, au yai la kuchemsha la yule kijana anayepita na ndoo na kachumbari, au mahindi ya kuchemsha, au ndizi mbivu na mtindi. Watu wananiambia, "Lakini hiyo si inaongeza kalori?" Kiganja cha karanga ni kama kalori 170. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama 120, na anayefika nyumbani akiwa na njaa kali anakula vijiko vya namna hiyo vingi ndani ya maandazi na chipsi kabla hajajua ameanza. Cha saa kumi kinakufikisha nyumbani ukiwa mtu anayeweza kuchagua.

Nimesikia ukila baada ya saa kumi na mbili jioni chakula chote kinageuka mafuta. Ni kweli?

Si kweli kwa namna inavyosemwa. Hakuna kengele inayolia saa kumi na mbili. Kinachohesabika zaidi ni jumla ya ulichokula.

Ila muda nao una sehemu yake. Mwaka 2022 kundi hilohilo la Scheer lilichapisha utafiti wa watu 16 wenye uzito mkubwa waliokula milo ileile kwa ratiba mbili, moja ikiwa imecheleweshwa kwa takriban saa nne. Kwenye ratiba ya kuchelewa walisikia njaa zaidi, na miili yao ikatumia nishati pungufu. Halafu kuna kiungulia: ukilala tumbo limejaa, tindikali hupanda. Jaribu kumaliza kula ukiwa umebakiza muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Lakini kama unafika nyumbani saa tatu usiku na hujala, kula. Kulala njaa kwa sababu ya saa ya ukutani kunaanzisha mzunguko uleule upya.

Hamu imenishika, ni saa nne usiku, niko jikoni sasa hivi. Nifanye nini?

Toka jikoni kwanza. Kaa mahali ambapo sufuria huzioni.

Hamu hupanda kama wimbi, hufika kileleni, kisha hushuka, hata kama hukuipa chochote. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Seattle aliyefanya kazi na watu waliotaka kuacha pombe na sigara, aliwafundisha kulitazama wimbi hilo badala ya kupigana nalo: inanishika wapi? Mdomoni? Kifuani? Imepanda au imeshuka tangu dakika iliyopita? Weka dakika 20 kwenye simu. Piga mswaki. Chemsha mchaichai au tangawizi bila sukari, na kikombe ukishike kwa mikono miwili mpaka kipoe. Dakika zikiisha na bado unataka, basi pakua kiasi kwenye sahani, funga ulichopakulia, keti, kula bila simu. Hapo umechagua, na kula ulikochagua hakuishii kwenye majuto.

Kwangu mimi ilikuwa ukoko. Wali wa nazi ukishapakuliwa, ule wa chini unabaki umeshika sufuria, mkavu, wa kahawia, una chumvi na utamu kwa pamoja. Wote walipokuwa wamelala nilikuwa narudi jikoni, siwashi taa, naukwangua kwa kijiko taratibu kijiko kisilie. Nikimaliza ukoko natafuta kingine: kipande cha mkate, mboga iliyobaki, sukari ya kulamba. Nilikuwa nasimama muda wote. Sikuwahi kukaa chini, nafikiri kwa sababu kukaa kungemaanisha kwamba ninakula.

Kilichonisaidia kilikuwa kidogo mno. Kila baada ya chakula cha usiku nilianza kumwagia maji sufuria ya wali palepale, kabla sijaondoa sahani mezani. Na kiporo nikakitia kwenye bakuli lenye kifuniko, nikaliweka ndani ya mkoba wangu wa kazini uliokuwa juu ya friji. Kile hakikuwa tena chakula kilichobaki, kilikuwa chakula changu cha kesho mchana. Mara chache nilikifungua. Na kesho yake, kwa kuwa nilikuwa na chakula mkononi, sikupiga pasi ndefu, na jioni nikafika nyumbani nikiwa mtulivu. Wiki ya pili nilipita jikoni usiku kuchukua maji nikarudi kulala, na nilikumbuka ukoko nikiwa nimeshafunika shuka.

Nikionja kipande kimoja tu, namaliza vyote. Kwa nini?

Kwa sababu ya neno moja unalojiambia: "Nimeshaharibu."

Peter Herman na Deborah Mack walilionyesha hili mwaka 1975. Waliwapa baadhi ya watu maziwa mazito matamu yaliyochanganywa na aiskrimu, kisha wakawawekea wote aiskrimu wale wapendavyo. Wasiojinyima walipopewa maziwa kwanza walikula aiskrimu pungufu, kama unavyotegemea. Wale waliozoea kujinyima walifanya kinyume: waliopewa maziwa ndio waliokula aiskrimu nyingi zaidi. Sheria ilikuwa imeshavunjika, basi wakaona hakuna cha kulinda.

Kwa hiyo usijiwekee sheria ya aina hiyo. Kitumbua kimoja ni kitumbua kimoja. Hakikuharibu siku. Vinane vinavyofuata ndivyo vyenye uzito, na vinakuja kwa sababu umejihukumu. Nawaomba watu waache kabisa orodha ya vyakula vya haramu ambavyo dini yao haikuviharamisha. Kula chapati mezani, mchana, mbele za watu, ukiifurahia. Chapati inayoruhusiwa Jumapili mchana haikuiti Jumanne usiku kwa nguvu ileile.

Mimi sina njaa. Nakula kwa sababu ya mawazo na upweke.

Ahsante kwa kulisema, wengi hawasemi. Mama mmoja aliwahi kuniambia hivi: "Mume wangu anaendesha lori, anakaa Zambia wiki tatu. Watoto wakilala, ile saa ndiyo yangu peke yangu. Sina kingine cha kujipa ila chakula." Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona alikuwa ameeleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Chakula kinatuliza kweli. Kinafanya kazi, kwa muda mfupi, ndiyo maana unakirudia. Kumwambia mtu aache bila kumpa kitu badala yake ni kumnyang'anya. Kwa huyo mama tulianza kutafuta dakika 30 zake kabla ya saa ile, siyo ndani yake: kuoga maji ya moto watoto wakiwa bado macho chini ya uangalizi wa dada yake, kumpigia mumewe saa mbili badala ya saa tano, na Jumamosi kukaa na majirani barazani kusukana. Kula kwake usiku hakukuisha, kulipungua. Alipozungumza na mumewe kuhusu upweke wenyewe, kulipungua zaidi.

Kama mawazo ni mazito, hulali, huna raha na chochote, unalia bila sababu, hilo limevuka chakula. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko si kuwa kichaa.

Kutazama tamthilia huku nakula kuna ubaya?

Kunakufanya usione sahani ikiisha. Kula kwanza, kisha tazama. Kama bisi ni lazima, ziwe kwenye bakuli, siyo kwenye mfuko mzima.

Na soda ya baridi baada ya chakula?

Chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imepita hapo. Mara nyingi ni kiu tu: Dar ina joto, umekaa kwenye gari bila maji. Kunywa maji glasi moja ukifika nyumbani, kabla ya lolote.

Nalala saa sita, naamka saa kumi. Inahusiana?

Inahusiana sana. Tumbo hutoa homoni iitwayo ghrelini inayoamsha njaa. Mafuta ya mwilini hutoa leptini inayoueleza ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana wanaume 12 wenye afya waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa usiku mbili, wakalinganisha na waliporuhusiwa saa kumi za usingizi. Baada ya usingizi mfupi leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoisema wenyewe ikapanda kwa asilimia 24. Hizo ni usiku mbili tu.

Kwa wanaofanya kazi usiku, walinzi, wauguzi, na ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanaotunza wazee zamu za usiku, ushauri wangu ni kuubeba mlo kutoka nyumbani. Kula mlo kamili kabla ya zamu, kingine chepesi katikati, na uepuke kuishi kwa biskuti za mashine. Ukitoka asubuhi, kula kidogo ndipo ulale, usije ukaamka saa tisa alasiri ukiwa na njaa ya siku mbili.

Mama mkwe ananipakulia mlima, na kukataa ni dharau. Nifanyeje?

Usikatae chakula, kiombee safari. "Mama, shikamoo na ahsante, chakula kitamu mno, nimeshiba. Nakuomba unifungie hiki nikale kesho kazini." Mpishi anafurahi kuona chakula chake kinathaminiwa mpaka kesho. Jambo jingine: omba kupakua mwenyewe, au saidia kupakulia wengine, na wewe upakue wa mwisho. Na kwenye sinia la pamoja, kula polepole tangu mwanzo, wala usiwe wa kwanza wala wa mwisho kuacha. Anayeacha kula mapema huambiwa "mbona huli?", na hapo lazima uanze upya.

Kwa waume wanaoniandikia kuhusu wake zao: kaka, usimhesabie mkeo matonge. Mpikie saa kumi ya Jumamosi, au mshike mtoto ale kwa utulivu. Ukimwangalia sahani yake atakula ukiwa umelala.

Ramadhani nafanyaje? Futari hadi daku nakula tu.

Funga ina utaratibu wake mzuri, tunaouharibu sisi kwa kuweka kaimati, tambi, sambusa na mihogo ya nazi mezani kwa pamoja. Fungua kwa tende na maji, uji kikombe kimoja, kisha ukaswali magharibi. Dakika hizo zinaupa ubongo nafasi ya kujua kwamba chakula kimefika. Ukirudi, pakua mara moja, magimbi na samaki au maharage, na mboga. Mtume alifundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi, na sijaona mwongozo wa lishe ulio mfupi na mzuri kuliko huo. Daku usiiruke. Anayeiruka ndiye ninayemwona akimaliza sinia la futari.

Nina kisukari, na usiku njaa inanijia kwa kasi. Nijizuie?

Hapana, na soma hili kwa makini. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, njaa ya ghafla yenye jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa inaweza kuwa sukari imeshuka. Pima kama una kipimo. Ikiwa imeshuka, au huna kipimo, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula. Ikitokea mara kwa mara, mweleze daktari wako, huenda dozi inahitaji kubadilishwa. Usiruke mlo ili kupunguza uzito bila kuongea naye.

Kuna pia dawa zinazoongeza hamu ya kula, kama prednisoloni, amitriptilini na olanzapini. Kama kula kwako kulibadilika baada ya kuanza dawa, tatizo si nia yako dhaifu. Usiache dawa, rudi kwa aliyekuandikia.

Ni wakati gani hii inakuwa ugonjwa?

Kula usiku kupita kiasi mara mojamoja ni kwa kila binadamu. Lakini kuna hali mbili zinazotambuliwa na madaktari. Ya kwanza ni kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia, kwa haraka, peke yako kwa aibu, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mwaka 2013 hali hii ilipewa nafasi yake kamili kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Ya pili ilielezwa na daktari Albert Stunkard mwaka 1955: mtu anakula robo au zaidi ya chakula chake cha siku baada ya mlo wa jioni, au anaamka usiku kula mara kadhaa kwa wiki na anaona bila kula hawezi kurudi usingizini.

Zote zina tiba, hasa ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Na kama unajitapisha, unameza dawa za kuharisha, au unashinda na njaa siku nzima ili kufidia, tafadhali nenda hospitali wiki hii. Kujitapisha kunashusha potasiamu mwilini, na moyo unaitegemea. Usiogope kuonekana unasumbua.

Nilienda vizuri wiki nzima, jana nikateleza. Nianze upya Jumatatu?

Usisubiri Jumatatu, na leo usifunge ili kulipia. Najua ndilo jambo la kwanza linalokuja kichwani ukiamka na tumbo zito: leo sili kitu. Ukifanya hivyo, usiku wa leo utakuwa kama wa jana.

Kunywa chai, hata kama hamu haipo, na nusu yai. Saa nne kula kidogo zaidi. Mchana kula kama kawaida, maharage na mboga za majani. Saa kumi nunua karanga kabla gari halijaja. Jioni ukishapakua, mwagia sufuria maji.